Mama Makosa na Chekeche la Profesa

Profesa alipomkabidhi mwalimu mwenzake kozi ile, alimpa na slaidi zake zote, akamshika bega na kumwambia kwa sauti ya mtu anayerithisha shamba: "Usibadilishe kitu. Kila kitu kimo humu. Wewe kazi yako kusoma tu."

Kozi yenyewe ilikuwa ya kuandika programu za kompyuta, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Walimu pale chuoni hawakuiita kwa jina lililoandikwa kwenye ratiba. Waliiita Chekeche. Mwaka ukianza, vijana walijaa ukumbini hadi kwenye ngazi, wengine wamekalia mabegi yao. Mwaka ukiisha, karibu nusu yao walikuwa wamepukutika, wamehamia kozi nyingine au wamerudi makwao. Profesa, ambaye sasa alikuwa amepanda cheo na kuwa mkuu wa idara, alilitaja jambo hilo kwa majivuno kila wageni walipokuja. "Idara yetu haina mchezo," alikuwa akisema, na wageni walitikisa vichwa.

Mwalimu aliyeachiwa Chekeche alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kufika viti vya nyuma bila kipaza sauti. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa maabara tu, kuzunguka katikati ya meza huku wanafunzi wakifanya mazoezi, kuinama huku, kuinuka kule, mpaka mgongo ukaanza kumsema. Nyumbani alikuwa mke wa fundi wa mafriji, mama wa mabinti wawili wa sekondari, na wifi wa msusi mmoja mwenye mdomo, ambaye alihamia kwao baada ya ndoa yake kuvunjika na hakuonyesha dalili yoyote ya kuondoka. Hakuwa mtu wa kutafuta ugomvi. Ila ugomvi ukimfuata mlangoni, alikuwa hajui kujificha chumbani.

Mwanzoni alitii. Alisimama mbele, akawasha projekta, akasoma slaidi za Profesa moja baada ya nyingine. Na kwa kweli zilikuwa safi. Kila programu ilikuwa imekamilika, imenyooka, haina doa. Wanafunzi walinakili vichwa chini, kimya kama wako msibani.

Halafu ikaja ile siku ya maabara. Alikuwa amesimama nyuma ya binti mmoja aliyejifunga skafu ya njano. Binti alikuwa amenakili programu fupi kutoka kwenye slaidi, akaiamuru iende, skrini ikamrudishia maneno mekundu. Kabla mwalimu hajafungua kinywa, binti akafuta kila kitu. Skrini ikabaki nyeupe. Akaanza kukusanya daftari zake.

"Unakwenda wapi? Kipindi hakijaisha."

"Nakwenda kuomba kuhama kozi, madam. Mimi si mtu wa kompyuta."

"Nani kasema?"

"Hiyo hapo." Akaionyesha skrini kwa kidevu.

"Ilisema nini hasa?"

Binti akaitazama tena skrini nyeupe. Hakuwa ameusoma ule ujumbe. Aliona wekundu, akaona basi.

"Na mbona umefuta?"

"Nimefuta kwa sababu nilikosea."

"Najua ulikosea. Sasa ulikosea wapi? Umefuta, mimi na wewe hatujui tena. Kaa. Andika upya vilevile, na ukosee vilevile."

Binti alimtazama kama mtu aliyeambiwa arudi kuibiwa mara ya pili, lakini akakaa, akaandika. Wekundu ukarudi. Safari hii waliusoma pamoja, neno kwa neno, na ukawapeleka hadi kwenye mabano yaliyofunguliwa bila kufungwa.

"Mabano?" binti aliuliza. "Yaani mabano tu?"

"Mabano tu."

Binti alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. "Kwa hiyo mimi nilikuwa nahama kozi kwa ajili ya mabano!"

Mwalimu alirudi nyumbani siku hiyo damu inamchemka. Hasira hazikuwa kwa binti. Zilikuwa kwa zile slaidi. Aliwahi kukaa ofisi moja na Profesa, meza zao zikitazamana, na alimwona kwa macho yake akipigana na programu tangu asubuhi hadi jioni, tai imelegea, nywele zimesimama, akizungumza na kibodi kwa maneno yasiyofaa kusikiwa na watoto. Hayo hakuyaleta ukumbini hata siku moja. Ukumbini alileta kitu kilichokwisha kuoshwa na kupigwa pasi. Vijana nao, masikini, wakaamini kwamba wenye akili wanaandika mara moja na inakubali, na kwamba wekundu ukikutokea umeshajulikana wewe ni nani.

Kipindi kilichofuata alizima slaidi. Akafungua ukurasa mtupu mbele ya ukumbi mzima, akauliza, "Leo tuandike nini?"

Vichwa viliinuka kutazama dari. Walidhani projekta imeharibika.

Basi akaandika mwenyewe, akizungumza kwa sauti kila alichofikiri, hata vile vya kipuuzi. Programu ikagoma. Akasoma ujumbe mwekundu kwa sauti, bila haraka, kama anayesoma barua kutoka kwa shangazi. Akarekebisha. Ikagoma tena, kwa sababu nyingine. Mtu fulani nyuma akacheka, na mwalimu akacheka naye. "Hii ndiyo kazi yenyewe," aliwaambia. "Kile mlichokuwa mnaonyeshwa ni picha ya harusi. Hamkuonyeshwa jikoni."

Hazikupita siku nyingi wakawa wamempa jina. Mama Makosa. Wengine waliliita kwa mapenzi, wengine kwa kejeli, na yeye aliitikia yote kwa sauti moja.

Lakini si wote waliofurahi. Kiongozi wa darasa alikuwa kijana wa kuvaa tai hata siku za joto, wenzake wakambandika jina la Waziri. Waziri alikuwa na kumbukumbu kali. Slaidi za Profesa alizimeza zote, na sasa aliona mtaji wake unakosa soko. Akafunga safari hadi ofisi ya mkuu wa idara, akamwambia kwamba mwalimu hajui somo, anakosea mbele ya watu, na darasa limekuwa kijiwe.

Mama Makosa akaitwa.

"Kaa, mwalimu," Profesa alisema.

"Nimekaa, Profesa."

"Nasikia ukumbi umekuwa gereji."

"Gereji gari huingia bovu likatoka linatembea. Kuna ubaya?"

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wanafunzi wanasema hujui."

"Anasema mmoja. Na huyo programu haijawahi kumgomea, kwa sababu hajawahi kuandika ya kwake. Ananakili."

"Sikiliza. Mimi nimefundisha kozi hii miaka. Ukishakosea mbele ya watoto, heshima imekwenda na maji."

"Kwani wewe hukosei, Profesa?"

"Nakosea ofisini kwangu, mlango umefungwa."

"Mimi nakosea mlango ukiwa wazi. Tofauti yetu ni bawaba tu."

Profesa hakucheka. Aliegemea meza, akapunguza sauti, na hapo ndipo alipokosea hesabu, kwa sababu alizungumza naye kama mtu wa ndani. "Wewe unajua jinsi mambo yalivyo. Wakipita wote, mwaka wa pili tutawaweka wapi? Maabara ni ndogo, walimu wachache. Kozi hii ni chekeche. Iache ichekeche."

Mama Makosa alisimama. Akarudisha kiti mahali pake.

"Chekeche zinauzwa sokoni, Profesa. Za kila ukubwa. Mimi niliajiriwa ualimu."

Profesa akafunua kalenda yake ya mezani. Kisha akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele: "Wiki ijayo nitakuja darasani na mkuu wa kitivo. Tutakaa tuone huo ualimu."

Nyumbani, habari hizo zilijadiliwa na kila mtu ila paka. Usiku wa kuamkia siku ya wageni hao, wifi yake alikuwa sebuleni, amembana binti mkubwa katikati ya magoti, anamsuka. Mumewe alikuwa sakafuni na kompresa ya friji iliyofunguliwa juu ya magazeti.

"Wifi, kwani ugumu uko wapi?" msusi alisema, kitana mdomoni. "Kesho wape mtindo unaoujua. Hata mimi mteja mkorofi akija sijaribu mambo mapya kichwani kwake. Wakiondoka, unarudi kwenye vurugu zako."

"Aunt, unaniumiza!" binti akalia.

"Uzuri una gharama, tulia."

Mumewe akainua kichwa. "Kwa hili namuunga mkono dada yangu, na unajua si kawaida yangu. Andaa kitu kisafi, mke wangu. Saa moja tu. Unataka kumwaga unga kwa ajili ya mabano?"

Mama Makosa aliichukua kompyuta yake. Alikwenda kwenye meza ya kulia chakula akaandaa programu nzuri. Aliirudia mpaka ikaenda bila kujikwaa. Akajikuta anafanya mazoezi hata ya mahali pa kutulia na mahali pa kutabasamu. Akaifunga kompyuta. Alijisikia kama mtu anayejifunza kusema uongo kwa lafudhi nzuri.

Mumewe akaja kukaa karibu yake na simu mkononi. "Kabla hujalala, nisaidie. Kuna mwenye bucha, friza lake nyama inaharibika, anasema fundi ni mimi na kosa ni langu. Nimefunga kipimajoto humo ndani kinachoandika chenyewe. Orodha ndefu hii, macho yamechoka. Nataka kujua joto lilipanda mpaka ngapi."

"Nitumie. Nitaangalia kesho."

Kesho yake ukumbi ulikuwa umefurika. Habari zilikuwa zimesambaa, na hata wasiosoma kozi ile walikuja kuona Mama Makosa akichinjwa. Profesa alikaa mbele, mguu juu ya mguu. Mkuu wa kitivo alikaa pembeni yake, mama mtu mzima, mwalimu wa kemia, ambaye alitangaza mapema kwamba ya kompyuta hayajui na alikuja kusikiliza tu. Waziri alikuwa amenyoosha tai.

Mama Makosa aliunganisha kompyuta yake. Ile programu safi ilikuwa pale, inamsubiri. Aliitazama, akatazama ukumbi. Binti wa skafu ya njano alikuwa amekaa katikati, amekunja mikono, na uso wake ulikuwa unauliza kitu ambacho mdomo haukuthubutu.

Akaifunga ile programu. Akafungua ukurasa mtupu.

"Mume wangu ni fundi wa mafriji," alisema, na ukumbi ukacheka. "Ana kesi na mwenye bucha. Hizi hapa ni nyuzijoto za friza, zote. Anataka kujua kubwa kuliko zote. Na mimi sijaandika hata herufi moja. Tuanze."

Wakaanza. Vijana walitoa mawazo, yeye akaandika. Tuweke kisanduku cha kukumbuka joto kubwa tuliloliona. Kianzie sifuri. Tupitie orodha, moja moja. Tukikuta joto linalozidi lililomo kisandukuni, tulibadilishe. Mwisho tusome kisanduku kina nini. Ilikaa vizuri, hata Profesa alionekana kukubali kwa nyusi. Mama Makosa akaiamuru iende.

Haikugoma. Hakukuwa na wekundu wowote. Ikajibu: sifuri.

"Friza lilifika sifuri?" mkuu wa kitivo aliuliza. "Basi nyama lazima iharibike."

Mama Makosa alikuwa karibu kusema ndiyo. Lakini alitupa macho kwenye orodha, akaipandisha, akaishusha. Hasi kumi na nane. Hasi ishirini. Hasi kumi na tano. Hasi tisa. Sifuri haikuwamo.

"Hapana," alisema taratibu. "Imetudanganya."

Na hakujua kwa nini. Alisoma mistari yake, ilikuwa sawa. Akaisoma tena, ilikuwa sawa. Jasho lilianza kumtoka chini ya kola. Akili yake, ambayo siku nyingine ingeona jambo hilo kabla hajamaliza kupenga kamasi, ilikuwa imefunga duka. Profesa alikohoa, akasimama nusu.

"Mwalimu, pengine nikusaidie."

"Kaa, Profesa."

Alisema haraka kuliko alivyokusudia, na kwa sauti ile ya kufika viti vya nyuma. Mtu mmoja akavuta pumzi. Profesa alibaki ameinama hewani, si wa kukaa, si wa kusimama.

"Naomba ukae," alirudia, kwa heshima safari hii, lakini bila kurudi nyuma. "Wewe umeshaliona, najua. Ukilisema, litakuwa lako. Hili ni letu." Akawageukia vijana. "Mimi sioni. Nawaambia ukweli, sioni. Nani anaona?"

Kijana mmoja alisema orodha haikusomwa yote. Wakahesabu, ikawa imesomwa yote. Mwingine akasema alama ya kulinganisha imegeuzwa. Wakaigeuza, mambo yakawa mabaya zaidi, wakacheka, wakairudisha. Binti wa skafu ya njano akasema, "Tuiambie ituonyeshe kisanduku kila inapopita." Wakafanya hivyo, na skrini ikajaa sifuri kutoka juu hadi chini.

"Haibadiliki hata mara moja," alisema binti.

"Kwa nini haibadiliki? Inasubiri nini?"

"Inasubiri kitu kinachozidi sifuri."

"Friza!" Sauti ilipasuka kutoka kwenye ngazi, ya kijana ambaye hakuwa hata amesajiliwa kozi ile. "Friza halina kitu kinachozidi sifuri! Zote ziko chini! Ile sifuri tumeiweka sisi!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza. Mama Makosa alijishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka mpaka akakaa. Wakabadilisha, kisanduku kikaanza na joto la kwanza kwenye orodha badala ya sifuri, na jibu likaja: hasi tisa.

Mkuu wa kitivo alikuwa ameandika kitu kwenye karatasi yake, akakipigia mstari. Waziri alikuwa amelegeza tai. Baada ya kipindi alimfuata mwalimu mlangoni, akasimama akikwaruza sakafu kwa kiatu.

"Madam, kumbe programu inaweza kwenda bila kugoma, na jibu likawa uongo?"

"Tena hizo ndizo mbaya zaidi."

"Basi mimi sijui chochote," alisema, na akaondoka kabla hajaambiwa neno.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Mtihani wa mwisho Profesa aliutunga mwenyewe, kwa hati yake, na kwa mitego yake yote ya miaka iliyopita. Matokeo yalipotoka, walioanguka walikuwa wa kuhesabika. Kwenye kikao cha idara, Profesa aliitupa karatasi mezani.

"Haya hayatoki nje. Watasema tumelegea. Napendekeza tupunguze alama kidogo kwa kila mtu, tukae kwenye kiwango chetu cha kawaida. Mwalimu wa kozi atasaini marekebisho."

Karatasi ikasukumwa hadi mbele ya Mama Makosa, kalamu juu yake.

"Sisaini."

"Mwalimu, huu ni utaratibu."

"Waiteni hao vijana. Mmoja mmoja, yeyote mtakayemtaka. Mwekeeni programu mbovu mbele yake mumwangalie. Akishindwa, nitasaini na kazi nitaacha. Lakini kuwanyang'anya walichopata kwa sababu wamekuwa wengi, kwa mkono wangu huu, hapana."

Mzee mmoja wa hisabati, ambaye vikao vyote alivimaliza amefumba macho, akayafumbua.

"Samahani. Mtihani alitunga nani?"

"Mimi," Profesa alisema.

"Ulivuja?"

"La hasha!"

"Ulisahihishwa vibaya?"

Profesa alikunja uso. "Hapana. Nilipitia mwenyewe."

"Basi mtihani wako, usahihishaji wako, na wamefaulu. Tunajadili nini?" Akafumba macho tena.

Mtu akacheka puani. Mkuu wa kitivo, aliyekuwa amealikwa kikaoni, akaivuta ile karatasi kutoka mbele ya Mama Makosa, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba wake. "Alama zibaki kama zilivyo," alisema. "Tuendelee na ajenda inayofuata."

Alama zilibaki. Kozi haikubaki. Mwaka mpya ulipoanza, Mama Makosa alikuta jina lake limeondolewa kwenye Chekeche, na Profesa amejirudishia mwenyewe. Yeye alipelekwa kufundisha wanafunzi wa kilimo, ng'ambo ya pili ya chuo, jengo la zamani nyuma ya karakana, somo ambalo ratiba ililiita utangulizi wa kompyuta na ambalo kila mtu alijua ni la kujaza majedwali tu. "Ni mahitaji ya idara," Profesa alimwambia kwenye korido, macho ukutani.

"Mahitaji nimeyaelewa," alijibu. "Hata sababu nimeielewa."

Wifi yake alipandwa na mori kuliko yeye. Alitaka kwenda kumpa Profesa vidonge vyake ana kwa ana, na ilibidi mumewe afiche viatu vyake. Mama Makosa mwenyewe alilia kidogo, bafuni, maji yakiwa wazi ili mabinti wasisikie. Asubuhi akapiga moyo konde, akavaa gauni lake jekundu, lile la sherehe, akaenda kazini.

Chumba cha wanafunzi wa kilimo kilinuka vumbi na waya zilizoungua. Baadhi ya mashine hazikuwa na kibodi. Vijana walikuwa wamekaa wamelegea, wengine na matope kwenye viatu kutoka shamba la mazoezi. Aliweka mkoba wake juu ya meza, na kabla hajajitambulisha, msichana wa mbele akanyoosha mkono.

"Madam, ni kweli kule kwa wenzetu ulifukuzwa?"

"Nilihamishwa."

"Kwa nini?"

"Wanafunzi wangu walifaulu."

Walitazamana, hawakujua kama wacheke. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetarajia jibu zuri, kama ni kweli wao watafundishwa kujaza majedwali tu.

"Ratiba inasema hivyo," alisema Mama Makosa. Akakunja mikono ya gauni lake jekundu, moja, kisha nyingine. "Haya, washeni mashine. Ambaye yake haiwaki, asogee kwa jirani. Nani anafuga kuku hapa, aniambie tatizo lake la kweli, tuliandikie programu."

Mikono ilianza kunyooka, na mashine moja baada ya nyingine ikaanza kunguruma.